Mchezo wa Mwenye Elimu

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Kwa kipimo hicho kazi, hata ikiwa dhaifu, humpa mtu heshima. Mchezo, hata ukiwa mzuri, humpotezea umri. Je, mwenye elimu akicheza huwa amewadhulumu watu haki yao katika akili yake?

Swali hilo laweza kupimwa kwa maisha ya Édouard Lucas, mwanahisabati aliyezaliwa Amiens, Ufaransa, mwaka 1842, akasomesha katika shule za Paris. Mwaka 1876 alithibitisha kwamba mbili 127 zikizidishwa pamoja, kisha ikatolewa moja, hupatikana namba tasa, isiyogawanyika ila kwa yenyewe na kwa moja. Ina tarakimu 39, na kwa miaka 75 haikujulikana namba tasa iliyoizidi. Lakini mtu huyu huyu aliandika majuzuu manne ya hisabati ya kuburudisha, na mwaka 1883 akatoa mchezo wa Mnara wa Hanoi. Visahani huhamishwa kutoka kijiti hadi kijiti, kimoja kimoja, wala kikubwa kisilale juu ya kidogo. Visahani 8 hutaka hatua 255. Visahani 64, kwa hatua moja kila sekunde, hutaka zaidi ya miaka bilioni 580. Mchezo huo aliutoa kwa jina la Claus, herufi za jina lake zilizopanguliwa.

Anayelaumu ana hoja nzito. Mwaka 1891, karamuni, sahani ilivunjika na kigae kikamkata Lucas shavuni. Jeraha likaambukizwa, naye akafa akiwa na umri wa miaka 49. Ulimwengu uliokuwa na fumbo la visahani haukuwa na dawa ya jeraha dogo.

Haitoshi kujibu kwamba mchezo huzaa faida baadaye, maana michezo mingi hufa bila kizazi. Jibu limo katika tabia. Visahani havimwogopi mkubwa wala havimpendelei tajiri. Mchezaji adanganyaye hudanganya nafsi yake. Namba ya 1876 nayo haikuwa na mnunuzi. Ilitafutwa kwa subira ile ile, pasipo ujira wala adhabu. Mchezo huwa dhuluma pale umzuiapo mwenye elimu kumwitikia mwenye shida. Pasipo hapo, ni shule ya uaminifu. Elimu isiyojua kucheza hutanguliza ujira. Na elimu itangulizayo ujira, hata dawa yake hutiliwa shaka.