Unatoka Wapi, Unaenda Wapi?

Saa tano usiku, nikitoka Adams Arcade kwa miguu kurudi Woodley, makarao wawili walinisimamisha. Unatoka wapi? Kwa beste yangu. Unafanya kazi gani? Naandika. Unaandikia nani? Hapo nikakwama. Chuo niliacha, kadi ya kazi sina, na anayenunua makala ndiye bosi wangu wa wiki hiyo. "Kwa hivyo unazurura tu," mmoja akasema. Waliniachilia baada ya nusu saa. Sikuwa nimevunja wala kuiba. Nilikuwa nimeshindwa kujieleza.

Kosa hilo ni la zamani. Mwaka 1824, miaka michache baada ya vita vya Napoleon, Uingereza ikiwa na wanajeshi wengi waliorudi bila kazi wala makao, Bunge la huko lilipitisha Sheria ya Uzururaji. Kulala nje kukawa uhalifu. Mkoloni alipokuja, alikuja na wazo lilo hilo, na Kanuni yetu ya Adhabu ya 1930 ikambana mshukiwa asiye na riziki inayoonekana na asiyeweza kujieleza vyema. Waingereza wenyewe waliacha kumkamata mtu kwa kushukiwa tu mwaka 1981, mwaka wa ghasia za Brixton. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika kule Arusha ikasema sheria za aina hii zinakiuka haki za binadamu.

Kuna wanaosema: kama huna la kuficha, si ujibu tu? Lakini mwizi mwenye suti na gari ana jibu tayari, na hata haulizwi. Sheria ya wizi huuliza umefanya nini. Hii huuliza wewe ni nani, na kwa swali hilo maskini hana jibu linalotosha.

Ningependa kuishia hapo, nikimlaumu mkoloni. Ila Jumamosi iliyofuata, kijana mwenye gunia alisimama kwenye geti la ploti yetu. Kabla sijafikiri, nikamuuliza, "We, unatafuta nini hapa?" Hakujibu. Alifungua gunia nione chupa za plastiki, kama mtu aliyezoea, kisha akaenda zake.

Kifungu cha sheria kinaweza kufutwa na mahakama. Swali lile lilitoka mdomoni mwangu, na hakuna askari aliyenituma.