Gharama Si Hasara: Swali la Kitako cha Mbao



Kuna swali ambalo nimeulizwa mara kadhaa mwaka huu, na kila mara linakuja na sura tofauti. Dada anashona kitambaa kwa mkono wakati mashine ipo. Mzee anachonga mpini wa jembe wakati duka la sokoni limejaa mipini. Kijana anajenga amplifaya na kuitengenezea boksi la mbao, wakati Luthuli Avenue kule Nairobi kuna amplifaya zilizo tayari, duka baada ya duka. Swali ni lile lile: mtu akitumia saa zake nyingi kutengeneza kwa mikono kitu ambacho angenunua kwa bei ya chini, je, huo ni uwakili mwema ama ni ufujaji?

Leo nataka tulijibu kupitia huyo kijana na boksi lake. Nimechagua mfano mdogo makusudi. Kwa mambo makubwa kila mtu ana jibu la haraka.

Kitako kinafanya nini?

Mtu anayejijengea amplifaya nyumbani hununua kwanza bodi yenye saketi, transfoma ya kupunguza umeme, na bamba la alumini la kupoza joto. Vitu hivi vikiunganishwa vizuri na kuachwa wazi mezani, vitapiga muziki. Shida ni kwamba upande mmoja wa transfoma una volti 240 moja kwa moja kutoka ukutani. Mtoto akipitisha mkono hapo ni balaa. Kwa hivyo vinahitaji kitako: fremu ya mbao ya pande nne, juu yake bamba la chuma linaloshika transfoma na swichi, chini yake mfuniko wenye matundu na miguu minne midogo.

Kitako kinabeba uzito, na transfoma ndiyo nzito kuliko vyote. Kinaficha nyaya zisiguswe. Kinapitisha hewa pia: hewa baridi inaingia kwa matundu ya chini, ile ya moto inatokea juu. Miguu ikikosekana, matundu ya chini yanazibwa na meza yenyewe. (Na msicheke hilo neno kitako. Ni neno la Biblia, tutalifikia.)

Wazo la kujengea juu ya mbao si geni. Miaka ya 1920 kule Marekani, watu waliojitengenezea redio walichukua ubao wa jikoni wa kukatia mkate, wakafunga vipuri juu yake kwa skrubu. Hadi leo wahandisi wa elektroniki Wazungu wanaita bodi ya majaribio ubao wa mkate, ingawa siku hizi ni ya plastiki. Kampuni ya Atwater Kent ya Philadelphia hata iliuza redio za namna hiyo, vipuri vikiwa wazi juu ya ubao. Mwaka 1947 jarida la Uingereza liitwalo Wireless World lilichapisha mchoro wa amplifaya ya D. T. N. Williamson, na watu wengi wakaenda kuijenga nyumbani. Enzi hizo, aliyejua kujijengea aliweza kuokoa pesa.

Leo mambo yamegeuka. Viwanda vinatoa maboksi kwa maelfu, na anayejenga kwa mikono mara nyingi ndiye anayelipa zaidi. Hapo ndipo swali letu linapouma.

Hesabu yenyewe

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo niruhusuni tuweke hesabu wazi. Tuseme mbao ni shilingi 900, gundi 250, msasa na vanishi 600. Tuseme kazi inachukua saa 30, na saa moja ya kibarua tuipe shilingi 100 tu. Jumla ni 4,750. Sasa tuseme boksi la kiwandani ni 1,500. Tofauti ni shilingi 3,250. Mhasibu akiona hapo anafunga daftari: usitengeneze, nunua.

Lakini kwenye uhasibu kuna maneno mawili ambayo sisi mtaani tunayachanganya. Gharama ni thamani unayotoa ili upate kitu. Hasara ni thamani inayoondoka na haikuachii chochote. Karo ya mtoto ni gharama. Noti iliyodondoka kwa matatu ni hasara. Kwa hivyo swali la kiuwakili ni hili: ile 3,250 imenunua nini?

Wapo watakaosema imenunua sauti tamu. Hapa tuwe wakweli. Boksi la spika linabadilisha sauti kweli, kwa sababu hewa inatikisika ndani yake. Kitako cha amplifaya ni kitu kingine. Sauti ikiwa ndani ya amplifaya bado ni umeme. Zile amplifaya za zamani za valvu za kioo, ukiigonga valvu kwa kidole unaweza kusikia mlio kwa spika, kwa hivyo kule mtikisiko una maana kidogo. Lakini kwa hizi bodi za kisasa, mtu akikuambia mbao ya mvule inaleta besi nzito kuliko saiprasi, anakuuzia maneno. Uongo ni uongo hata ukisemwa na fundi aliyeokoka.

Sasa, imenunua nini?

Skwea haichukui chai

Hebu fuateni hesabu ya kona. Fremu ya pande nne ina kona 4, na ukitaka kona zifungane vizuri, kila kona ina vikato 2 vya digrii 45. Hivyo ni vikato 8. Tuseme umekosea nusu digrii kwa kila kikato, kwa upande ule ule. Kona ya kwanza huoni kitu. Ya pili unaibana kidogo, inakubali. Ya tatu vile vile. Ukifika ya nne, makosa yote yamejumlika kuwa digrii 4, na kona haifungi. Utaangalia kile kikato cha mwisho na kukilaumu, kumbe deni lilianza kona ya kwanza.

Mbao ina sheria zake pia. Msimu wa mvua inavuta unyevu na kupanuka kwa upana, kiangazi inasinyaa, na kwa urefu haibadiliki sana. Ukigandisha mfuniko mpana kwa gundi pande zote, siku moja utapasuka. Fundi anayejua huacha nafasi, ama hutoboa tundu la skrubu liwe refu kidogo ili mbao ipate pa kwenda. Na kwa kuwa gundi peke yake haishiki vizuri ncha za mbao zilizokatwa mshazari, anakata mfereji mwembamba kwenye kona na kuingiza kipande kidogo cha mbao cha kuishikilia.

Ukikosea unaweza kujaza ufa kwa gundi na unga wa mbao, upige vanishi, mgeni asijue. Lakini ile skwea ya fundi inajua. Skwea haichukui chai. Huwezi kuiambia tuongee kando, wala kuipigia mjomba simu. Katika nchi ambayo tumezoea kwamba kila kipimo kina bei yake, mtu anayekaa saa 30 mbele ya kipimo kisichohongeka anajifunza jambo ambalo semina haimfundishi.

Kuna la pili. Kijana ambaye ameambiwa "tutakupigia simu" na kila ofisi aliyopeleka barua anahitaji mahali ambapo kazi yake inamjibu siku hiyo hiyo. Akipiga randa sawasawa, mbao inakuwa laini jioni ile ile. Hicho ni kitu. Mwandikieni kwenye daftari upande wa faida, hata kama hakina risiti.

Lakini subirini

Kama ningeishia hapo, kila mtu mwenye kitu anachokipenda angenipigia makofi. Sasa nieleze ya huyu ndugu, kwa ruhusa yake na ya mke wake.

Ana mke na mtoto mmoja, na kazi yake ni ya vibarua. Mke ndiye aliyeniita. Alisema, "Pasta, niambie ukweli. Hii ni kazi ama ni mchezo? Kodi tumechelewa, na yeye yuko hapo tu na msasa."

Mume naye akasema, "Pasta, mimi sinywi, sitembei usiku. Niko hapa nyumbani natengeneza kitu. Kwani kosa liko wapi?"

Nilikuwa nimeenda na fundi anayetunza vyombo vya sauti vya kanisa. Kitako chenyewe kilikuwa kizuri, siwezi kudanganya. Kimepigwa msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, kona zimefungana. Fundi wetu akakigeuza chini juu, akafungua mfuniko. Ndani, waya wa umeme ulikuwa na nyuzi mbili tu. Hakukuwa na waya wa athi. Hakukuwa na fyuzi. Fundi akasema polepole, "Hii umeitengenezea macho. Mkono wa mtoto je?"

Mbao kavu haipitishi umeme, na hilo linawapa watu usalama wa uongo. Lakini bamba la juu ni chuma, na boliti za transfoma ni chuma. Siku waya wa moto ukichomoka ndani na kugusa bamba, bamba lote linakuwa na umeme, na anayelishika ndiye anakuwa njia ya kwenda ardhini. Waya wa athi ukiwa umefungwa imara kwa lile bamba, umeme unapata njia nyingine, fyuzi inakatika, na mtu anabaki mzima. Athi na fyuzi vingegharimu sehemu ndogo tu ya kile alichotumia kwa vanishi.

Hapo nikaona tulikuwa na maswali mawili. Mke alikuwa ameuliza la nyumba, na alikuwa sawa. Saa za mtu aliyeoa si zake peke yake. Jioni anayoitumia kwa msasa imetoka kwa mtu fulani, na huyo mtu ana haki ya kuulizwa. Lakini fundi aliuliza swali la pili: uzuri huu unamhudumia nani? Uangalifu wote ulikuwa umeenda mahali ambapo sifa inatoka, na mahali ambapo uhai wa mtu unategemea hakukuwa na uangalifu wowote. Huo ufujaji mhasibu hangeuona.

Tulikubaliana mambo matatu. Kodi kwanza. Jioni mbili kwa wiki, ambazo mke amezikubali yeye mwenyewe. Na athi na fyuzi viwekwe na kukaguliwa na fundi kabla ya tone lingine la vanishi. Ninapoandika haya kodi imelipwa, waya umebadilishwa, na kitako bado hakijaisha. Sikumwambia aache.

Vitako vya fedha

Sikumwambia aache kwa sababu ya Kutoka sura ya 26. Hema ya kukutania ilijengwa kwa mbao za mshita zilizofunikwa dhahabu. Chini ya kila ubao wa pande zile mbili ndefu kulikuwa na vitako viwili, na vitako hivyo vilikuwa vya fedha. Sura ya 38 inatupa jumla: vitako 100, talanta moja kwa kila kitako. Talanta moja ni zaidi ya kilo 30.

Mpeni mhasibu hiyo hesabu. Fedha yote hiyo, halafu unaiweka chini, kwenye ardhi ya jangwani, ibebe mbao? Si mawe yangetosha? Lakini angalieni ilikotoka. Ilikuwa nusu shekeli ya kila mtu aliyehesabiwa, na sura ya 30 inasema tajiri asizidishe wala maskini asipunguze. Mchango wa watu wote, sawasawa, ndio uliokuwa chini ukibeba nyumba. Na mtu aliyepewa kazi hiyo, Bezaleli, anaelezwa kwamba alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya mikono, hata ya kuchora mbao.

Kwa hivyo Mungu hachukii gharama iliyo chini ya kitu. Lakini vile vitako vilikuwa na kazi. Vilibeba.

Basi jibu langu ni hili. Kutengeneza kwa mikono kitu ambacho kingenunuliwa si ufujaji kwa sababu tu kimegharimu zaidi. Kinakuwa ufujaji pale ambapo gharama hiyo imelipwa na mtu ambaye hakuulizwa, ama pale ambapo uzuri wake umechukua nafasi ya kazi yake.

Wiki hii, chukua kitu kimoja unachokitengeneza, kiwe ni meza, ni biashara, ama ni huduma yako hapa kanisani. Kigeuze chini juu ujiulize:

1. Kinambeba nani, na je, atakayekigusa atabaki salama?
2. Saa na pesa zilizoingia humo zilitoka kwa nani, na je, alikubali?
3. Kama hakuna mtu angekiona, ni sehemu gani ningeifanya vizuri bado?

Ukishajibu hayo matatu, chukua msasa wako uendelee na kazi. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.