Mtoto Hakuwepo

Kwenye harusi moja Kisauni mwaka jana, shangazi alimuuliza binamu yangu mbele ya watu, "Mwaka wa nne huu, mbona kimya?" Binamu akacheka, akaenda kupakua pilau ambayo hakuila. Mumewe alikuwa ameketi palepale. Yeye hakuulizwa kitu.

Sijui kwa nini hawajapata mtoto, na si kazi yangu kujua. Ila swali lile lilinikaa kichwani, kwa sababu linachukulia kwamba kosa liko kwa binamu: alitumia dawa gani, alichelewa wapi. Kumbe mambo mengine ya uzazi huanza kabla mtu hajazaliwa. Mtoto wa kike akiwa tumboni, karibu na wiki ya 20, tayari ana mayai kama milioni 6 au 7. Nyanya yako alipokuwa na mimba ya mama yako, yai lililokuja kuwa wewe lilikuwa humo pia. Alipovuta moshi, mlikuwa watatu.

Sasa chukua Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi kando ya nyumba za watu hadi 2014, na risasi ikaingia kwenye vumbi na kwenye damu. (Nasema risasi ile madini, si ya bunduki, ingawa ya bunduki angalau unaisikia ikilia.) Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, aligundua mtoto wake mchanga ana sumu hiyo mwilini.

Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mtoto anahitaji kalsiamu, mfupa wa mama unaachilia akiba yake, na risasi inatoka nayo na kuvuka kondo la nyuma. Yaani msichana aliyecheza kwenye vumbi lile 2010 anaweza kumpitishia mtoto wa 2030, hata kama alihamia Nakuru zamani na anakula mboga kila siku. Mwili wake haujakosea popote. Unamlisha mtoto.

Na huyo mtoto naye atazaa? Kujua mambo ya vizazi kunahitaji damu iliyohifadhiwa miaka mingi. California wanayo, ya wanawake waliokuwa wajawazito kati ya 1959 na 1967, enzi za DDT. Watafiti waliwafuatilia mabinti zao. Wale ambao mama zao walikuwa na DDT nyingi zaidi walichukua muda mrefu zaidi kushika mimba. Mwaka 2021 ikaja habari ya wajukuu: DDT ya nyanya ilihusishwa na kuvunja ungo mapema. Hao wajukuu, DDT ilipigwa marufuku Marekani 1972 hata hawajafikiriwa.

Kuna watu husema huwezi kumdhulumu asiyekuwepo. Sikubali. Mjenzi akiiba simiti kwenye ploti ya Nairobi, jengo likaanguka miaka kumi baadaye na kumuua mtoto wa miaka saba, nani atasimama kortini aseme mtoto hakuwa amezaliwa siku ya kumwaga zege? Ni kweli kiwanda kilileta kazi, na wazazi walihitaji mshahara. Lakini yai halikulipwa mshahara. Halikuulizwa.

Wakazi wa Owino Uhuru walitunukiwa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaifuta 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Nilifurahi. Ila fidia huhesabu walioishi pale. Mtoto wa 2030 hana jina kwenye orodha yoyote.

Kinachonisumbua zaidi ni kama tumwambie yule msichana. Ukimwambia, umempa hofu ambayo dawa yake hana. Ukinyamaza, siku moja ataulizwa swali mbele ya watu, naye ataamini kosa ni lake. Mimi ningemwambia, lakini ningemwambia pia ni nani aliyemwaga.

Juzi shangazi alinipigia kuuliza kama binamu "ameenda kuonwa." Nikamuuliza, mama yake alikuwa anaishi wapi akiwa na mimba yake?

Akafikiri kidogo. "Si palepale nyuma ya gereji, walipokuwa wakichoma betri," akasema. "Kwani vipi?"