Mgeni na Njia Yake

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huja kwa njia. Njia ikifungwa, usemi huo hubaki pambo la ulimi.

Kongwa, katika nyanda za Dodoma, imeziona njia mbili. Miaka ya 1960, wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini walipewa kambi huko, kwa idhini ya serikali. Juni 2012, katika wilaya iyo hiyo, Wahabeshi zaidi ya 40 walikutwa wamekufa. Walikuwa wakisafirishwa kwa siri ndani ya lori kuelekea kusini, wakakosa hewa. Maiti zao zikatupwa porini.

Waliowapakia wana dhambi, hilo halina ubishi. Lakini biashara yao hustawi pale mlango wa halali unapokosekana.

Itasemwa kuwa nchi ina haki ya kumjua aingiaye. Naam, na hiyo ndiyo hoja yenyewe. Mlango wa halali huuliza jina, husikiliza shida, kisha hukubali au hukataa. Lori lililofungwa halimjulishi mwenyeji lolote, ila idadi ya maiti.

Njia salama, basi, si nyongeza ya ukarimu; ndiyo mwanzo wake.