Mizani ya Mhadhiri

Novemba 2018, wakati Rais John Magufuli akisubiriwa Mlimani kuzindua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa chuo hicho, Dk. Vicensia Shule, aliandika kwenye Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni. Mjadala ukawaka nchi nzima, na yeye mwenyewe akaitwa kuhojiwa. Kwa wanafunzi wengi habari hiyo haikuwa ngeni. Ugeni wake ulikuwa kuisikia ikitamkwa hadharani na mwalimu.

Inavyofanyika hujulikana mabwenini. Mwanafunzi anaambiwa somo limemkamata, apite ofisini. Nyuma ya maneno hayo kuna sapu, yaani mtihani wa marudio, nyuma ya sapu kuna kudisko, yaani kuondolewa masomoni, na nyuma ya kudisko kuna mkopo wa Bodi ya Mikopo na ukoo mzima uliochangishana nauli. Kisha sharti linatajwa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhukumu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe haki au upendeleo: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Mwaka 2024 muswada wa marekebisho ulipendekeza kwamba anayetoa ngono naye awe mkosaji, na watetezi wa haki za wanawake wakaupinga vikali. Pendekezo hilo lilibeba swali zito la maadili kuliko lilivyoonekana: je, aliyekubali akiwa amebanwa amekubali?

Ridhaa huhitaji uwezo wa kukataa bila kupoteza kilicho chako. Mwanafunzi aliyefanya mtihani amekwisha kuitolea jasho alama yake. Anayeizuia mpaka alipwe kwa mwili anamuuzia mtu mali yake mwenyewe. Huo ni unyang'anyi, na aliyenyang'anywa hawezi kuhesabiwa mshirika wa mnyang'anyi. Wapo watakaosema kuna wasichana wanaojipeleka wenyewe. Hata ikiwa hivyo, kalamu nyekundu iko mkononi mwa mtu mmoja tu, na yeye peke yake ndiye anayeweza kusema hapana bila kuhatarisha maisha yake ya kesho.

Dini zinazofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki zimelitazama jambo hili kwa mlango wa sokoni. Sura ya 83 ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, imepewa jina la watu wanaopunja vipimo. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliopunguza kipimo cha nafaka na kuchezea mizani. Chuo kikuu nacho kazi yake kubwa ni kupima: alama ni kipimo, cheti ni ushahidi mbele ya taifa kwamba kipimo kilikuwa sawa. Mhadhiri anayebadilishana alama na ngono humdhulumu aliyekataa akafelishwa, humdhulumu aliyelazimika kukubali, na humdhulumu pia yule ambaye hakuguswa kamwe. Huyu wa tatu husahaulika. Amekesha na vitabu, amepata daraja la kwanza, na bado ofisini kwake kuna wanaonong'ona alilipataje.

Udhalilishaji wa wanafunzi wa kike chuoni haukuanza jana: Mlimani palipofundisha mwanahistoria Walter Rodney, palipoandikwa na kujadiliwa ukombozi wa Afrika nzima, kundi la siri lililojulikana kama Punch liliwahi kubandika ukutani michoro na maandishi ya matusi, na walengwa wakuu walikuwa wanafunzi wa kike. Aliyelengwa alitengwa, aliyethubutu kuandamana naye alijiweka kwenye zamu ya kulengwa. Februari 1990 mwanafunzi mmoja aliyesakamwa namna hiyo alijiua. Walioipeleka habari hiyo mbele ya umma kwa nguvu walikuwa wanahabari wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, na kampeni zao pamoja na za wenzao zilisaidia kuzaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Inauma kukumbuka kwamba sauti hiyo ilibidi itoke nje ya geti la chuo.

Biblia ya Wakatoliki, katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli, ina kisa cha Susana. Wazee wawili, waamuzi wa watu huko Babeli, wanamvizia bustanini na kumpa masharti: alale nao, la sivyo watamzulia uzinzi. Anakataa, na mkutano unamhukumu kifo kwa sababu wanaomshtaki ni wazee na waamuzi. Kijana Danieli anamwokoa kwa kuwatenganisha mashahidi na kumuuliza kila mmoja tendo lilifanyika chini ya mti gani. Majibu yakapishana. Pale aibu ya mwanamke na heshima ya wazee zilipokuwa zimeamua kila kitu, uchunguzi ulibadilisha hukumu.

Uchunguzi ndiyo kazi ambayo vyuo hujivunia kuijua. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilikuwa na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu 2006, na bado mwaka 2018 ilibidi iundwe kamati, ikiongozwa na Profesa Sylvia Tamale, isikilize yaliyokuwa yakiwapata wanafunzi na wafanyakazi. Miaka 12 ya karatasi haikutosha. Nchini Tanzania nako vyuo vimeanza kufungua madawati ya jinsia, lakini dawati lina maana pale tu anayelalamika anaposikilizwa na mtu asiyekunywa chai ya saa nne na mlalamikiwa.

Mbali na kusikiliza malalamiko, mianya yenyewe inaweza kuzibwa: mitihani ya mwisho inaweza kusahihishwa kwa namba badala ya majina, na msahihishaji wa pili akaipitia. Pagumu zaidi ni kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ambako msimamizi mmoja hushikilia tasnifu ya mtu kwa miaka. Huko namba haimfichi yeyote. Mwanafunzi anahitaji haki iliyoandikwa ya kubadilishiwa msimamizi haraka, bila kumwomba ruhusa anayemkimbia na bila kuanza utafiti upya.