Nishani na Heshima

Je, alama ya heshima ikipotea, heshima yenyewe hupotea pamoja nayo? Na ikiwa haipotei, kuna haja gani ya kutafuta alama nyingine mahali pa ile ya kwanza? Maswali haya yaweza kudhaniwa kuwa ni ya wanafalsafa peke yao. Lakini katika pwani yetu ya kusini, kutoka Kilwa hadi Lindi, ni maswali yawezayo kumfikia mtu yeyote siku anapofungua kasha la marehemu babu yake.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme kijana mmoja wa Kilwa Masoko alikuwa na babu aliyekuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Askari wa jeshi hilo walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942. Mwaka 1944 wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipita katika bonde la Kabaw, katika nchi ya Burma ambayo leo huitwa Myanmar, wakitembea katika mvua na matope mpaka mto Chindwin. Babu alirudi na nyota ya shaba yenye ncha sita. Akaiviringisha katika kitambaa na kuiweka kashani. Watoto waliichezea, pini ikakatika, bibi akaifunga kwa uzi. Kisha babu akafariki, jamaa wakahama nyumba, na nyota ikapotea. Sasa mjukuu ataka kuirudisha. Afanyeje?

Njia zilizo mbele yake ni tatu. Aweza kuiomba serikali ya Uingereza, ambayo ndiyo iliyoitoa. Aweza kuinunua nyingine kwa wauzaji wa vitu vya kale. Au aweza kumwendea sonara amfanyie mfano wake. Tena hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Nishani ambazo Waingereza waliwapa askari wao baada ya vita vya 1914–18 zilichorwa ukingoni namba na jina la askari. Zile za vita vya 1939–45 kwa kawaida zilitolewa bila jina. Kwa hiyo nyota itakayonunuliwa sokoni yaweza kuwa sawa na ile ya babu kwa umbo, kwa madini na kwa utepe. Hapana jicho litakaloweza kuzitenga.

Ikiwa hazitengeki kwa jicho, je, zatengeka kwa haki? Naam, zatengeka. Nishani ni shahidi. Ile ya babu ilitolewa kwa ajili yake, ikakaa katika mikono yake, ikapata makovu katika nyumba yake. Shahidi ambaye hakuwapo hawezi kusema, "Niliona," hata kama jambo analolieleza lilitukia kweli. Mjukuu akiivaa nyota ya sokoni na kusema, "Hii ndiyo aliyopewa babu," amesema uongo juu ya jambo la kweli, na uongo wa namna hiyo huutia shaka hata ukweli wenyewe. Lakini akisema, "Ya babu ilipotea, nasi tumeiweka hii ili tumkumbuke," hajamdanganya mtu. Nyota hiyo si shahidi tena, bali ni mjumbe. Na mjumbe mwaminifu hana aibu. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wako watakaopinga na kusema: "Iacheni ipotee! Ni alama ya mfalme wa kikoloni." Hoja hii ina uzito. Katika pwani hii hii, Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vilianzia Nandete, katika vilima vya Umatumbi. Mashujaa hao hawakupewa nishani na mtawala yeyote. Walipewa kamba na risasi. Mwaka 1917, huko Narungombe karibu na Kilwa na huko Mahiwa katika nchi ya Lindi, Waafrika walipigana na Waafrika kwa ajili ya ugomvi wa Ulaya, na wapagazi wakafa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Wengi wao hawana nishani wala kaburi linalojulikana. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, lililotokana na kikosi chao, ni ukumbusho mmojawapo walioachiwa.

Hata hivyo, hoja hiyo haitufundishi kuitupa nyota ya babu. Yatufundisha kuisoma vizuri. Vita vilikuwa vya mfalme, lakini miguu iliyotembea matopeni ilikuwa ya babu. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa. Ushupavu na uchungu vilikuwa vyao wenyewe, na hapana mfalme awezaye kuvidai. Aidha, ikiwa mpagazi asiye na nishani alistahili heshima, basi ni dhahiri kwamba heshima haikuzaliwa na nishani. Ilikuwako kabla yake, na yaweza kubaki baada yake.

Basi hasara kubwa ya yule kijana si shaba iliyopotea. Ni miaka yote ambayo nyota ilikuwamo kashani na hakuna aliyemwuliza mzee: "Babu, hii uliipata wapi? Ulikuwa na nani? Nani hakurudi?" Shaba yaweza kupatikana tena kwa barua au kwa fedha. Majibu ya maswali hayo hayauzwi popote.

Kwa hiyo kijana na aanze kwa bibi yake kabla ya kwenda kwa sonara. Amwamkie, aketi mkekani, aandike kila anachokumbuka: jina kamili la babu, namba yake, kikosi chake, rafiki zake. Aandike pia habari za ndugu aliyekuwa mpagazi, na za yule aliyekimbilia vilimani wakati wa Majimaji. Kisha, akipenda, na aitafute nyota nyingine, aiweke kashani pamoja na karatasi hiyo. Siku moja mtoto atalifungua kasha hilo. Nyota itamfanya aulize, na karatasi itamjibu.