Imeharibika

Shangazi yangu aliniletea kamera ndogo ya dijitali, ya zile za mfukoni, kaifunga kwenye kipande cha kanga. Haikuwaka. Alitaka iwake kwa sababu moja tu: ndani yake mlikuwa na picha chache za marehemu mumewe, za Idi yake ya mwisho. Hazikuwa kwenye memori kadi. Baadhi ya kamera za wakati ule zilikuwa na nafasi kidogo ya kuhifadhi picha ndani yake zenyewe, naye alipiga bila kadi. "Wewe si unajua mambo haya, mwanangu?" Nami, kwa kuwa niliwahi kutengeneza redio mbili, nikasema najua.

Nieleze kilichotokea mezani, maana hoja yangu yote imo humo. Nilifungua skrubu, nikaondoa umeme uliobaki kwenye kapasita ya flashi (hiyo hukaa na volti kama 300 hata betri ikishatolewa, ukiigusa kizembe utaikumbuka), nikapima bodi kwa mita. Fyuzi ilikuwa imekatika. Ni kitu kidogo kama punje ya ufuta, karibu na mahali pa betri. Nilifurahi mno! Sikuwa na fyuzi ya namna ile, basi nikachukua uzi mmoja wa waya wa shaba, nikauchomelea kwa risasi juu yake ili umeme upite. Nikarudisha betri. Taa ikawaka kwa sekunde moja hivi. Halafu ikaja ile harufu ambayo kila aliyewahi kuunguza bodi anaijua.

Fyuzi haifi bure. Hukatika kwa sababu kuna mahali umeme unapita kupita kiasi, ikajitoa yenyewe ili vingine vipone. Unatakiwa kwanza umtafute aliyeiua, ndipo uweke nyingine. Nilijua hilo, ila nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Fundi simu mmoja aliitazama kwa lenzi, akasema chipu zimeungua, na kuisoma ile yenye picha hana vifaa vyake.

Sasa nimwambie nini shangazi?

Jibu lilikuja lenyewe: "Shangazi, kamera imeharibika." Itazame sentensi hiyo. Si uongo hata kidogo. Kant, katika insha yake ya mwaka 1797, alishikilia kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako kajificha wapi, usimdanganye. Nadhani hata yeye angepata taabu kunikamata hapa. Sarufi yetu imenipa mlango wa nyuma. Ukisema kikombe kimevunjwa, msikilizaji atauliza, na nani? Ukisema kimevunjika, swali halina pa kukaa. Huwezi kusema kimevunjika na Juma. Watoto wanalijua hili kabla hawajajua kusoma. Maziwa yamemwagika, mama. Na wakubwa ofisini je? Faili halionekani, fedha zimepotea.

Nilijitetea pia kwamba kamera ilikuja ikiwa maiti, na maiti haiuawi mara mbili. Lakini haikuwa maiti. Ule ukimya wake ndio uliokuwa unazilinda picha. Fyuzi ilishafanya kazi yake, mimi nikaitengua.

Utetezi wa pili ulikuwa mgumu zaidi, na mpaka leo sijaumaliza. Picha hazirudi, niseme nisiseme. Nikisema, shangazi atapoteza picha na pengine mtoto wa kaka yake pia. Ukweli huo unamfaa nani, kama si mimi ninayetaka kutua mzigo?

Nilikwenda kwake na ile sentensi yangu mdomoni, nikaitoa baada ya shikamoo. Akanyamaza. Kisha akasema, "Labda ni mimi. Niliiweka kabatini, na lile kabati lina unyevu. Ningekuletea mapema."

Hapo nikaona nilichokuwa sijakiona kwenye sarufi. Nafasi ya mtendaji haibaki tupu. Ukiikimbia, atakuja mtu mwingine aikalie, na mara nyingi ni yule asiye na kosa. Shangazi alikuwa tayari anapanga unyevu, miezi na uzembe wake mwenyewe katika nafasi niliyoiacha mimi.

"Siyo kabati, shangazi. Nimeiunguza mimi." Nikamweleza waya, fyuzi, na haraka yangu. Sijui alielewa kiasi gani cha habari za umeme. Lile la haraka alilielewa. Aliigeuzageuza kamera mkononi, akaifunga tena kwenye kanga yake, akasema, "Basi. Imeshaharibika."

Neno ni lile lile. Kwangu lilikuwa maficho. Kwake sikujua, na bado sijui, kama lilikuwa msamaha au uchovu tu. Alinipa chai, tukazungumza habari za mvua.

Redio yake sasa haishiki stesheni hata moja. Naiona juu ya friji kila nikienda. Hajaniomba niitazame, nami sijathubutu kumuuliza.